Tukienda Kula Nje: Kilicho Sahanini na Kilicho Glasini

Msimu wa Kipaimara na Komunyo ya Kwanza ukifika, mji wa Same hujaa wageni. Wengine hushuka kutoka milimani, wengine hutoka upande wa Kisiwani, Gonja na Ndungu, wote wamevaa nguo za sikukuu na watoto wanachechemea kwa viatu vipya. Misa ya Askofu haiishi mapema. Saa nane mchana njaa inauma, na si kila familia ina ndugu mjini anayeweza kuwapikia watu kumi na watano. Ndipo baba anapotamka neno linalowafurahisha watoto kuliko zawadi zote: "Leo tunakula nje."

Kwetu kula nje maana yake ni nyumba ndogo kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Mbele kuna jiko la nyama na kabati la vioo la chipsi, chini ya turubai kuna meza na viti vya plastiki, na ndani kuna kaunta. Zamani kaunta hiyo ilikuwa na bia na soda basi. Siku hizi, hata katika miji midogo, baadhi ya kaunta zimejaa chupa za vinywaji vikali, na yupo kijana hodari anayevichanganya na juisi, ndimu na barafu na kuviita kokteli. Nyumba moja inafanya kazi mbili: kulisha familia na kunywesha watu.

Wapendwa wasomaji, ukurasa huu hauna ugomvi na nyumba hizo. Zinawapa kazi vijana wetu, zinanunua mbuzi, ndizi na nyanya za wakulima wetu, na familia inayokaa pamoja mezani ni jambo jema popote ilipokaa. Tunachotaka kusema ni kimoja. Tukifika mahali pa kula huwa tunatazama nzi, sakafu na kitambaa cha meza, kisha tunaridhika. Mara nyingi kinachotudhuru hakionekani kwa kutazama hivyo. Sahanini, ni saa ambazo chakula kimekaa tangu kiondolewe motoni. Glasini, ni kiasi cha pombe ambacho hakuna aliyekipima.

MAJI, MOTO NA SAA

Mji wa Same ni mkavu. Mvua hunyesha milimani, huku chini tunabaki na vumbi. Kwa miaka mingi maji yamekuwa ya kununua kwa ndoo, na ndiyo maana mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa mwezi Machi 2025, watu walishangilia. Lakini desturi za miaka ya ukame haziondoki siku bomba linapofunguliwa. Bado utakuta sahani arobaini zinaoshwa katika karai moja, maji yamegeuka rangi ya mchuzi. Bado utaletewa bakuli moja la kunawia, la kwanza ananawa babu na la mwisho ananawa mtoto, tena kwa maji yale yale. Omba maji yanayomiminwa, na sabuni. Palipo na ndoo yenye koki au kibuyu chirizi na kipande cha sabuni, mwenye nyumba huyo anastahili wateja. Asiye na sabuni mwambie kwa upole. Akiambiwa na wateja watano atainunua.

Moto ni rafiki yetu. Nyama ya mbuzi iliyochomwa mbele ya macho yako, ikaiva mpaka ndani, ikakatwa kwa kisu safi na kuletwa ingali inachuruzika mafuta, ni katika vyakula salama kabisa unavyoweza kula barabarani. Shaka ipo kwenye kisu na gogo la kukatia. Kijana akikata nyama mbichi ya mteja mwingine, kisha kwa kisu hicho hicho na juu ya gogo hilo hilo akakata yako iliyoiva, vijidudu vilivyokufa motoni vinarudi hai mezani. Usione haya kusema, "Mdogo wangu, osha kwanza kisu." Uliza pia kama mnyama amekaguliwa, kwa sababu nyama ya mnyama aliyejifia huenda ikawa na kimeta, na kimeta hakina mzaha: hata mwenye kuchuna ngozi tu huambukizwa.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wengi hupatikana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila moto au baridi. Kama kinasubiri walaji, kikae katika joto la zaidi ya nyuzi 60, na kama kinahifadhiwa, kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya hapo vijidudu huzaliana upesi sana. Mchana wa Same katika mwezi wa Januari ni joto linalowafaa kabisa.

Wali ndio unaotuhadaa zaidi. Mchele wa Ndungu ni mtamu, lakini kila mchele, hata ule mzuri, huweza kubeba kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa uvuguvugu ndani ya sufuria iliyofunikwa, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na sumu yenyewe haiondoki hata wali ukipashwa moto upya mpaka utoe mvuke. Mlaji hutapika kabla hajafika nyumbani, akasingizia safari. Na makande yetu, ambayo majirani hututania nayo, hayana msamaha: yakilala nje ya moto usiku kucha, kuyapasha haraka haraka asubuhi hakutoshi.

Tazameni basi jambo la ajabu. Siku ya Kipaimara, ambayo ndiyo siku ya wateja wengi, ndiyo pia siku ya hatari zaidi. Mwenye mgahawa anajua watu watatoka kanisani kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo anapika alfajiri sufuria kubwa na kukaanga kuku wote mapema. Wateja wanapotoka saa nane, chakula kina saa tano au sita. Mwenye mgahawa si mtu mbaya. Anaogopa kuwaweka watu na njaa. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya Misa mtume kijana mmoja wa familia aende akubaliane na mpishi: tuko watu kumi na watano, tutafika saa nane, wali uinjikwe saa saba. Kama hamkuwahi kufanya hivyo, agizeni kinachotiwa motoni mkiwa mmeshaketi: nyama ya kuchoma, mayai, ndizi za kukaanga, au samaki anayekaangwa papo hapo. Mtasubiri nusu saa zaidi. Watoto wapeni ndizi mbivu wakati wa kungoja.

KACHUMBARI NA KIFAFA

Katika familia za Upare meza moja mara nyingi hukaliwa na dini nyingi. Wamisionari wa Kisabato walifika milimani mwetu mwaka 1903 na kuanzia Giti. Walutheri wapo wengi, Waislamu wapo wengi, nasi Wakatoliki tupo. Mjomba ni Msabato, shangazi ameolewa na Mwislamu, wote wamekuja kumpongeza mtoto aliyepakwa Krisma. Katika meza ya namna hii, anayependa kitimoto hukiagiza sahani ya pembeni, na wengine hujisemea kwamba mambo ya nguruwe hayawahusu.

Kwa upande wa afya, hayo si kweli, nasi tunaomba jambo hili lisomwe polepole.

Kuna mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Nyama ya nguruwe mwenye ugonjwa huwa na vifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, kifuko kimoja hukua tumboni mwake kikawa tegu mwenye urefu wa mita kadhaa. Mtu huyo huenda asiumwe chochote. Lakini kila anapokwenda haja kubwa anatoa mayai ya tegu kwa maelfu. Mayai hayo yakiingia kwenye tumbo la nguruwe anayezurura, nguruwe anapata vifuko. Na yakiingia kwenye tumbo la binadamu, kwa njia ya mikono isiyonawiwa, maji machafu au mboga mbichi, vifuko hivyo hivyo hujijenga ndani ya mwili wa binadamu: kwenye misuli, kwenye macho, na kwenye ubongo. Vikiwa kwenye ubongo huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa.

Kwa hiyo aliyekula kitimoto kibichi anapata tegu. Anayepata kifafa ni yule aliyekula uchafu wa mwenye tegu, na huyo anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kugusa nyama ya nguruwe tangu kuzaliwa. Kinachomfikia ni kachumbari iliyokatwa na mpishi aliyetoka chooni bila kunawa, au kabichi iliyoshwa kwa maji ya karai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika sehemu ambazo nguruwe huzurura karibu na watu, ugonjwa huu unahusika na karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa. Hapa Tanzania watafiti wameukuta kwa watu na kwa nguruwe, kwa mfano huko Mbulu.

Tumekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ya watoto. Bado zipo nyumba zinazomficha mtoto mwenye kifafa, zikiamini amerogwa au ana pepo, na zinaogopa hata povu la mdomo wake. Povu lile haliambukizi. Mtoto huyo anastahili kwenda shule, mafundisho ya dini na Kipaimara kama wenzake, na anastahili kupelekwa hospitali, kwa sababu dawa za kutuliza kifafa zipo na wagonjwa wengi wakizimeza kila siku hawaanguki tena. Wazazi wasimwachishe dawa mtoto akipata nafuu mpaka daktari aseme.

Tufanye nini mezani? Kitimoto kiive mpaka pasibaki wekundu wowote ndani. Ukiona punje nyeupe kwenye nyama mbichi, usinunue. Nguruwe wafungiwe bandani, na kila nyumba iwe na choo, hata cha shimo. Kachumbari kama hujui imeoshwaje, iache, ule mboga zilizopikwa. Tunajua nyama choma bila kachumbari na pilipili ni kama harusi bila ngoma. Basi nunua nyanya na kitunguu sokoni, vioshe mwenyewe kwa maji safi, ukate mwenyewe. Wapo akina mama wanaokuja na kisu chao kwenye kikapu, na hakuna aliyewafukuza.

GLASI IITWAYO DAWA

Wazee wetu milimani walikuwa na dengelua, pombe ya miwa. Hatusemi ilikuwa haina madhara, maana wapo iliowamaliza. Ila ilinyweka kwa taratibu zake: watu walijua imepikwa na nani, imechacha siku ngapi, nani apewe kwanza na nani hajafikia umri wa kupewa. Ulevi ulikuja polepole na mtu aliuona unakuja.

Kokteli haina taratibu hiyo. Tuchukue mfano wa ile iitwayo "dawa". Glasi hii ilipata sifa Kenya, katika mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980 na kujulikana kwa nyama choma. Hutengenezwa kwa vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu na asali. Unapewa na kijiti kilichochovywa asali ili ukoroge na kukandamiza ndimu. Ladha yake ni tamu na kali ya ndimu, pombe yenyewe husikii. Hapo ndipo penye mtego. Mtu asiyependa uchungu wa bia anakunywa hii kama sharubati, tena kwa dakika kumi.

Tupige hesabu kidogo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Toti moja ya mililita 30 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina gramu 9 na nusu. Kokteli ya toti mbili basi ni kama bia nzima ndani ya glasi ndogo. Lakini nani amepima? Palipo na kikombe cha toti unaweza kuhesabu. Pale kijana anapomimina kutoka kwenye chupa kwa jicho, akitaka kumfurahisha mteja wa sikukuu, toti mbili huwa nne, na kwa glasi mbili za namna hiyo mtu amekunywa bia nne kabla nyama haijaletwa. Kile kichupa cha mililita 200 cha Konyagi, ambayo nguvu yake ni asilimia 35, kina gramu 55 za pombe, yaani karibu bia tatu. Vijana wanne wanaokichangia kwenye soda wanadhani wamekunywa soda.

Ini la mtu mzima mwenye afya huondoa kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa moja. Haliharakishwi na kahawa, wala maji baridi, wala supu ya makongoro, ijapokuwa supu ni nzuri kwa sababu zake nyingine. Aliyekunywa glasi mbili za toti mbili mbili saa tisa alasiri hawezi kuwa mkavu kabla ya saa moja au saa mbili usiku. Mwanamke akinywa sawasawa na mwanamume, pombe hupanda zaidi katika damu yake. Na ukichanganya pombe na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawini iliyomo humfanya mlevi ajione yu macho. Ulevi haujapungua, ila umefichwa.

Na barafu? Wengi hudhani pombe inaua vijidudu vya kwenye barafu. Haiui, si kwa kiasi kinachowekwa katika glasi. Barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa ni maji yasiyochemshwa. Hiyo inahusu pia juisi ya mchanganyiko wa matunda ya watoto, ambayo nayo siku hizi inaitwa kokteli. Soda ya chupa iliyofunguliwa mbele yako haina taabu ya vijidudu, ila ina sukari karibu vijiko tisa vya chai kwa chupa ya mililita 350. Moja kwa sikukuu inatosha.

WASIOFAA KUNYWA KABISA

Mwaka 1988 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka pombe katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani, na mwezi Januari 2023 shirika hilo lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Tunayasema haya waziwazi, tukijua kwamba wapo watakaotukumbusha divai ya Kana, na wengine watamtaja Mtume Paulo alivyomshauri Timoteo kuhusu tumbo lake. Hatubishani nao. Timoteo alishauriwa divai kidogo. Hakushauriwa toti nne na kinywaji cha kuongeza nguvu.

Lakini wapo ambao hata kidogo hakiwafai. Mama mjamzito ni wa kwanza, kwa sababu pombe humfikia mtoto tumboni na huweza kuharibu ubongo wake, na hiyo "dawa" tamu isiyonuka pombe ndiyo ambayo shangazi anaweza kumpa kwa kumwonea huruma. Mgonjwa wa kisukari anayetumia sindano au vidonge vya kushusha sukari, akinywa pombe kabla ya kula, sukari yake inaweza kushuka mpaka apoteze fahamu, na watu watasema amelewa tu wamwache alale. Asiachwe alale, akiwa bado anaweza kumeza apewe kitu chenye sukari, kisha apelekwe hospitali. Anayemeza dawa za kifua kikuu atalitesa ini ambalo tayari lina kazi nzito. Anayetumia metronidazo kwa ajili ya amiba anaonywa asichanganye na pombe. Mwenye kifafa akinywa anaweza kuanguka.

Watoto nao wasionjeshwe kwa mzaha, maana sukari ya mtoto hushuka upesi zaidi kwa pombe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, hata kama leo amepata Kipaimara na baba yake anamwita mtu mzima. Kwa meza ya familia ni vizuri kukaa upande wa jikoni, mbali na kaunta. Mtoto huiga mikono anayoiona.

NJIA YA KUPANDA

Kutoka Same kurudi milimani si mchezo. Barabara ya kwenda Mbaga ina kona ambazo upande mmoja ni mwamba na mwingine ni hewa. Jioni ukungu hushuka. Aliyewaleta kwa Noah au kwa bodaboda mmemwacha chini ya mti tangu asubuhi, nanyi, kwa ukarimu wa Kipare, mnaona vibaya ninyi mnywe yeye atazame. Mnampelekea glasi. Kwa nia njema kabisa mnamlewesha mtu atakayeshika maisha ya watoto wenu mikononi mwake.

Dereva aagize wa kwanza mezani, kabla ya babu, na aagize soda au chai. Mpeni nyama nzuri, na nyingine mumfungie apelekee watoto wake. Hiyo ndiyo heshima. Kama ameshakunywa, msibishane naye barabarani. Tafuteni pa kulala kwa ndugu au parokiani, au mkodi mwingine. Gharama ya gari la pili inauma, tunajua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inasema wazi kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia kubwa. Tungependa fundisho hilo litajwe katika semina za wazazi wa Kipaimara, pamoja na mambo ya mishumaa na nguo nyeupe.

DAWA YETU WENYEWE

Kuna "dawa" nyingine isiyo na pombe, ile ya moto inayouzwa na wauza chai na kahawa: tangawizi, ndimu na asali. Majina yamefanana, kwa hiyo ukiagiza uliza, "Ya moto au ya kaunta?" Mwenye mafua asije akapewa vodka.

Kwetu sisi kuinunua nje ni kama kununua mchanga mtoni, maana wilaya yetu inajulikana kwa tangawizi. Wakulima wa Mamba na Miamba wanaipeleka mbali kwa malori. Chukua kipande cha kidole gumba, kioshe, ukiponde, ukichemshe katika vikombe vinne vya maji kwa dakika kumi. Ipua, acha ipoe kidogo, kamulia ndimu moja, utie asali kijiko kimoja kimoja kwa kila kikombe. Inatuliza kichefuchefu na kupasha kifua joto. Haitibu malaria wala typhoid, wala asikudanganye mtu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli yake mpaka ashindwe kupumua. Akina mama wa WAWATA wakiweka birika la kinywaji hiki nje ya kanisa siku ya Kipaimara, nusu ya watu hawataitafuta kaunta.

TUMBO LIKICHAFUKA

Pamoja na uangalifu wote, siku nyingine mtu ataharisha au kutapika. Kinachoua ni kupungukiwa na maji, na kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi kilitufundisha hilo kwa machozi. Anza kunywesha mara moja. Kama huna pakiti ya maji ya chumvichumvi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, onja: isizidi chumvi ya machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa na vidonge vya zinki, avimalize kwa siku zote alizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma.

Kimbieni kituo cha afya au hospitali mkiona damu katika kinyesi, kuhara kama maji ya mchele, macho yaliyodidimia, mtoto aliyelegea au asiyekojoa, au homa kali.

Na kwa aliyekunywa kinywaji kikali, hasa cha chupa isiyo na stempu ya kodi, au kile kilichonunuliwa kwa bei ya kushangaza, au gongo, kuna dalili ya pekee. Pombe bandia huweza kuwa na methano, sumu isiyotofautiana kwa ladha na pombe ya kawaida, hasa ikichanganywa na juisi. Mwezi Mei 2014 iliua makumi ya watu nchini Kenya na kuwapofusha wengine. Hangova ya kawaida hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Hii huzidi: kesho yake kichwa kinapasuka, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, na macho yanaona ukungu. Huyo asiambiwe alale wala aongezewe nyingine ya kutoa loko. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na chupa aliyonywea ibebwe, daktari aione.